Mwaka wa Mahindi ya Chumbani

Mwalimu Kimanzi tulimzika Jumamosi nyumbani kwake, nje kidogo ya Kathonzweni, na mimi nilitoka Zombe kwenda kumsindikiza nikiwa na magoti yanayolia kama mashine ya kusaga iliyokosa mafuta. Watu walikuwa wengi hata nikadhani Ukambani nzima imehamia boma moja, na wali ulipikwa kwenye sufuria ambazo fahali angeoga ndani akageuka bila kugusa ukingo. Kaburi lilipokwisha kufunikwa, sisi wazee tuliowahi kufanya kazi chini yake tuliwekwa sebuleni, tukapewa chai na mkate. Tulikuwa kumi na wawili zamani. Siku hiyo tulikuwa wanne. Mwenyekiti wa vijana wa kanisa akaingia na wenzake, wakaketi sakafuni, akasema wanataka kusikia jinsi tulivyojitolea mwaka ule wa mahindi, kwa sababu siku hizi vijana wakiitwa kusafisha hata kisima huuliza kwanza kama kutakuwa na fulana. Ndunge, ambaye alikuwa mwenzangu wa kutembea naye mwaka ule, na ambaye sasa ana wajukuu wa kujaza darasa, akajibu bila kupepesa jicho, "Sisi tuliitwa, tukasimama. Hatukuogopa kitu." Mimi nikaongeza chumvi yangu. Niliwaambia tulitembea hadi viatu vikaisha, tukaendelea hadi nyayo zikaisha, tukarudi nyumbani kwa magoti. Walicheka sana. Msichana mmoja tu, aliyekaa karibu na mlango, hakucheka. Aliniuliza polepole, akiniita nyanya kwa Kikamba chetu, "Susu, na mtu akiwa mwoga, anaweza kujitolea?" Nikamwambia anywe chai isipoe, maana Ndunge alikuwa ananitazama. Tangu nirudi nyumbani swali hilo limekaa na mimi mezani kama mgeni asiyeaga. Kwa hivyo nitaandika mwaka ule kama ulivyokuwa, na nitajaribu kuweka chumvi kidogo tu, ingawa mkono wangu ni mzito.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Njaa ilikuwa imetukalia misimu miwili, kisha mvua ikaja wakati usio wake na ikakataa kuondoka, na mahindi yakavunwa yakiwa na maji ndani, maana hakuna aliyekuwa na tumbo la kungoja. Mahali pa mahindi kwetu ni ikumbi, ghala la fito linalosimama nje ya nyumba, upepo ukipita chini yake na juu yake. Lakini mwaka ule wezi wa mahindi walikuwa wengi kuliko wezi wa mbuzi, na mtu aliyetoka kwenye njaa halazi chakula nje. Kila boma likaingiza mahindi ndani: chumbani, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, juu ya sakafu ya udongo, magunia yamefunikwa blanketi kama wagonjwa. Watu walilala wakiyapapasa gizani kuhakikisha yapo. Kwetu hatukuwa na cha kuficha, ndege walitumalizia shambani, tukaishi kwa kunde na viazi vitamu, na mimi nilikuwa mwembamba hata upepo ulikuwa unaniuliza ninaenda wapi kabla ya kunisukuma. Nakumbuka nilivyowaonea wivu wenye magunia.

Mbwa walikufa kwanza. Mbwa wa jirani alizunguka boma siku mbili kama mlevi, akalala kando ya njia, hakuamka. Kisha mwingine, kisha wote wa upande ule wa mto. Halafu mzee mmoja akaacha kula. Tumbo likavimba, macho yakawa ya manjano, na haikufika wiki mbili tukamzika. Baada yake akafa mkewe, na baada ya mkewe mtoto wa nyumba ya tatu. Hofu iliingia katika kijiji chetu kama moshi unavyoingia kwenye nguo, huoni ulipopitia ila unaunusa kila mahali. Watu waliacha kusalimiana kwa mikono. Wakaanza kuhesabu nani alimtembelea nani kabla ya kuugua, na majina ya wanawake wazee yakaanza kutajwa kwa sauti ya chini. Ndipo Bwana Afya akaja kwa baiskeli yake, akafungua magunia katika nyumba za marehemu, akachukua punje kwenye vikaratasi, akaondoka. Aliporudi, alisema si uchawi. Ni ukungu ulioota kwenye mahindi yaliyowekwa ndani yakiwa na unyevu. Hautoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Mahindi yaliyoshikwa lazima yafukiwe ardhini, na lori la serikali litaleta mengine. Lori lenyewe lilikuwa wapi, hakuna aliyejua.

Mwalimu Kimanzi ndiye aliyekuwa akitufundisha ngumbaru jioni, sisi tuliopita umri wa shule bila kuiona. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimefika pale ambapo mtu anaweza kusoma jina la sabuni bila kusaidiwa. Jumapili moja alisimama baada ya mahubiri, mtu mfupi mwenye kofia mkononi, akasema Bwana Afya ni mmoja na maboma ni mia kadhaa, kwa hivyo anataka vijana wa kuingia nyumba kwa nyumba kukagua mahindi. Hakuna mshahara. Hakuna chakula. "Nani atajitolea?" Kanisa likanyamaza hata nikasikia mabati yakijikunja kwa jua. Ndunge alisimama. Mimi sikusimama kwa imani. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni aliyetaka kupita aende nje, nikainuka kumpisha, na kabla sijakaa Mwalimu alikuwa amekwisha kuandika jina langu. Kanisa zima lilinigeukia. Mtu angekaaje hapo? Vijana wanaposikia hadithi za kujitolea hufikiri mtu huanza kwa moyo. Mimi nilianza kwa kumpisha mtu kwenye benchi.

Tulikuwa tukikutana kila asubuhi katika stoo ya kanisa, chumba chenye dirisha moja, viti vilivyovunjika vimepangwa hadi darini na pipa la plastiki la maji ya ubatizo. Mke wa Mwalimu alituletea uji mwepesi hata chini ya kikombe kulionekana. Mwalimu alitupa chaki na sheria tatu. Ya kwanza, twende wawili wawili. Ya pili, nyumba ikiwa salama tuchore duara mlangoni, ili mwenye nyumba na majirani wajue. Ya tatu, tusile kwa mtu yeyote, hata tukibembelezwa. Halafu akaongeza, "Na neno sumu lisitoke mdomoni mwenu. Semeni mahindi yameharibika." Sisi sote tulielewa. Kwetu, kumwambia mwanamke kwamba chakula chake kina sumu si kumwonya, ni kumwita muuaji, na kukataa chakula chake ni kusema hivyo bila kufungua mdomo. Sheria ya pili na ya tatu zilikuwa rahisi kuzisema mle stoo. Huko nje tulikuwa tunaingia vyumba vya kulala vya watu wenye njaa, tunapapasa chini ya vitanda vyao, tunawaambia wafukie chakula, kisha tunakataa maji yao.

Wiki ya pili nilikuwa kisimani nangoja zamu yangu, kitambaa kimenifunika uso kwa jua, na wanawake wawili mbele yangu hawakunitambua.

"Wale wa Kimanzi walipita kwa Mbithe jana," mmoja alisema.

"Walikula?"

"Hata maji hawakugusa."

"Basi wanajua kitu. Mtu asiyekula kwako ama anakuona mchawi, ama mchawi ni yeye."

"Na mbona hawagonjeki?"

"Si ndiyo nakuambia."

Nilirudi nyumbani na mtungi nusu. Baada ya siku hiyo, kila tulipofika kwenye boma la mtu, nilimwacha Ndunge atangulie. Mzee mmoja alitupokea ameketi juu ya magunia yake, panga mapajani, akamwambia Ndunge kwa upole kabisa, "Msichana, ukiyakuta yameoza, nitajua ni jicho lako limeyaozesha." Ndunge akamwambia, "Basi nifumbe macho, baba, wewe mwenyewe uingize mkono." Akaingiza. Mkono ulitoka na unga wa kijani, na mzee akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Ndunge alikuwa hivyo. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma yake na kutetemeka kwa mpangilio mzuri.

Halafu Ndunge akashikwa na malaria, na nyumba iliyokuwa ikifuata ilikuwa ya Susu Kalekye. Ningeweza kungoja apone. Lakini kulikuwa na maboma mengi na watu walikuwa wanakufa, na nilitaka kwa siku moja nionekane kama Ndunge. Nikaenda peke yangu, nikiwa nimevunja sheria ya kwanza.

Susu Kalekye alikuwa akiishi na wajukuu wawili, Mwikali wa miaka tisa na kaka yake mdogo, mama yao akifanya kazi Mombasa. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye ulimi wa wembe. Jikoni kwake kulikuwa na mafiga matatu, ungo umetundikwa ukutani, na kinu cha mbao ambacho bado kilikuwa na maganda ya mahindi ukingoni. Harufu ya muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka, yakipikwa na kunde, ilinipiga usoni nikiwa bado nje.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Yule mwenzako wa miguu mirefu yuko wapi?"

"Ana malaria, Susu."

"Basi leo nimeletewa nusu ya serikali. Kaa."

"Nimekuja tu kuangalia mahindi, Susu."

"Mahindi hayana miguu. Kula kwanza." Aliweka sahani mbele yangu. Ilikuwa imejaa, punje nyeupe kama meno ya mtoto, na kunde, na mafuta kidogo yaking'aa juu.

"Susu, tumekatazwa kula."

Aliketi kwenye kigoda chake, mikono magotini. Watoto wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakinitazama. "Umekatazwa kula kwa watu," akasema, "au umekatazwa kula kwa Kalekye?"

"Kwa watu wote, Susu."

"Nimekulisha ukiwa mdogo hivi, mama yako akipita kwenda sokoni. Hukufa. Leo nimeanza kuua watu?"

Ndunge angejua la kusema. Mimi niliangalia wale watoto, nikaona wanangoja kujua nyanya yao ni nani, na tumbo langu nalo lilikuwa limepiga magoti linaomba. Nilikula. Nitasema ukweli hata sasa, miaka yote hii baadaye: ulikuwa muthokoi mtamu kuliko chakula chochote nilichokula duniani, na nimekula harusi nyingi. Nilimaliza sahani. Halafu nikaingia chumbani.

Kulikuwa na giza na joto la pumzi. Magunia matatu yaliegemea ukuta nyuma ya kitanda. La kwanza lilikuwa na mahindi makavu kiasi, yenye vumbi. La pili niliingiza mkono hadi kiwiko na nikahisi joto, kama kuingiza mkono kwapani mwa mtu mwenye homa. Punje zilikuwa zimeshikana mabonge. Nilitoa mkono, na hata katika giza lile niliona unga wa kijani umeingia mpaka kwenye kucha. Harufu yake ilikuwa ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Nikaelewa nilichokuwa nimekula, au nilichofikiri nimekula. Nyuma yangu Susu Kalekye alikuwa amesimama mlangoni, mwanga ukiwa mgongoni kwake, sikuona uso.

"Ni mazuri?" akauliza.

Watu huuliza kwa nini mtu hudanganya juu ya jambo la kifo. Sikufikiri juu ya kifo chake, wala cha watoto. Nilifikiri hivi: nikisema mahindi haya ni mabaya, basi tumboni mwangu kuna mahindi mabaya. Nikisema ni mazuri, labda yatakuwa mazuri. Nilifunga mkono wangu ndani ya leso.

"Ni mazuri, Susu."

Nikatoka, nikachukua chaki, nikachora duara mlangoni. Lilikuwa duara zuri, sijawahi kuchora lingine kama lile.

Wiki tatu zilizofuata niliishi na kipande cha kioo. Kilikuwa kimevunjika kutoka kioo cha kunyolea, kidogo kama kucha ya gumba, na kila asubuhi nilitoka nje jua likichomoza, nikavuta kope chini, nikaangalia kama nimeanza. Siku nyingine niliona manjano, nikakaa kando ya ua nikajililia msiba wangu mwenyewe na nyimbo zote. Siku nyingine niliona nyeupe, nikafurahi kwa dakika tano, nikakumbuka kwamba mzee yule wa kwanza alikuwa na macho meupe pia kabla ya kuwa ya manjano. Nilikuwa napapasa tumbo langu njiani hata Ndunge, aliyekuwa amepona, akaniuliza kama nina mimba. Nilikula kidogo, nikaogopa kwamba ninakula kidogo, maana kukosa hamu ya kula ndiyo dalili. Na kazi niliifanya. Tuliingia nyumba ishirini au zaidi, nikasaidia kufukia magunia ya watu, nikasimama nyuma ya Ndunge nikisikia akisema maneno ya kweli, na kila jioni nikapita njia ndefu ili nisione lile duara.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huo nilikuwa nawagawia watoto wa shule ya Jumapili mihogo ya kuchemsha nje ya kanisa. Mwikali alichukua kipande chake, akachukua cha kaka yake, akasimama.

"Susu mbona hakuja?" nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Hataki jua," akasema. "Anasema macho yanamuuma. Anatupikia lakini yeye hali."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya soko ile nyingine." Akala muhogo wake.

Nilielewa hapo hapo, muhogo ukiwa mkononi mwangu. Na bado nilikaa kimya Jumapili hiyo, na Jumatatu. Hizo siku mbili ndizo ninazozijua vizuri kuliko miaka yangu yote ya ndoa. Nilijiambia kwamba Bwana Afya atapita. Nilijiambia kwamba wazee huumwa macho. Nilifikiria kanisa zima likinigeukia tena, na safari hii si kwa sababu ya benchi. Niliogopa kumwambia Mwalimu kuliko nilivyoogopa kufa, na kufa nilikuwa nakuogopa kama mtu mwenye akili.

Jumanne asubuhi tulikuwa stoo, vikombe vya uji mikononi, Mwalimu akisoma kwenye daftari nyumba zilizobaki. Alifikia mwisho wa ukurasa, akanyamaza kugeuza. Nikasema, "Kwa Susu Kalekye nilichora duara, lakini mahindi yameharibika. Gunia la kati. Niliyaona."

Ndunge alinigeukia.

"Kwa nini ulichora?" Ndunge akauliza.

"Nilikula kwake."

"Ulikula?" Alisema kama nimekula mtu.

Mwalimu Kimanzi aliweka daftari chini. Alikuja karibu, akanishika kidevu, akavuta kope yangu ya chini kwa gumba, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha mbele ya wote, kama mtu anayenunua mbuzi. "Lini?"

"Wiki ya tatu sasa."

"Wewe uko sawa," akasema. Wiki tatu zangu zote ziliisha katika maneno hayo matatu. Kisha akaniachilia. "Na yeye?"

Alichukua kofia yake na tukatoka, uji ukabaki kwenye vikombe.

Tulimkuta Susu Kalekye ameketi nyuma ya nyumba kwenye kivuli, kitambaa cha kichwa kimevutwa hadi kwenye nyusi, miguu imevimba hata vidole vimepotea. Alipoona kundi letu alijaribu kusimama atupokee. Ndunge na wengine waliingia chumbani, wakatoa magunia. Mwikali alisimama kando ya ungo uliokuwa chini, na kwenye ungo kulikuwa na mafungu mawili ya mahindi, moja jeupe, moja la rangi ya matope na kijani.

"Haya ni ya nini?" Mwalimu akamuuliza.

"Susu huchagua," mtoto akasema. "Haya meupe ni yetu na ya wageni. Hayo mengine ni yake. Alisema chakula hakitupwi."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Mtu anaweza kuogopa sahani wiki tatu, akaililia, akaiota, na kumbe sahani hiyo ilichaguliwa punje kwa punje kwa ajili yake na mtu aliyekuwa akila mabaki. Bwana Afya alituambia baadaye kwamba hata yale meupe si salama, kuchagua hakutoshi, na wale watoto walipimwa na kuangaliwa kwa muda mrefu. Lakini walipona. Walilelewa kwa Mwalimu hadi mama yao alipokuja.

Tulimbeba Susu juu ya kitanda chake cha kamba, wanne wakishika pembe na wanne wakingoja zamu, hadi dispensari. Walimweka katika chumba chenye vitanda sita vya chuma, ukuta umepakwa rangi ya kijani hadi kiunoni, na dirisha linaloangalia tangi la maji. Wengine walirudi kufukia magunia. Mimi nilibaki. Nilimlisha chai kwa kijiko, akameza vijiko viwili, akageuza uso. Kitambaa kilikuwa kimetoka na nikaona macho yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilitaka kukimbia. Badala yake nikasema kwa haraka, kabla woga haujanifikia, "Susu, mahindi yale niliyaona. Nilikudanganya."

Kitanda cha pili mtu alikuwa anakohoa.

"Nilikuona ukificha mkono kwenye leso," akasema.

"Ulijua?"

"Mimi nalala na yale magunia, nisijue? Nilikuwa nangoja useme. Uliponiambia ni mazuri, nilifurahi. Nilimshukuru Mungu kwamba wameniletea msichana mwoga." Alivuta pumzi. "Tulikuwa waoga wawili kwenye chumba kimoja. Ndunge angekuja, ningemfukuza kwa mchi na angerudi na chifu."

"Nisamehe, Susu."

"Mimi najisamehe kwanza, halafu nikufikie wewe." Akafumba macho, nikafikiri amelala. Kisha akauliza, "Kesho mnaenda kwa nani?"

"Kwa Mama Kasyoka."

"Huyo atawatoa na jembe. Usimwambie habari za ukungu, amezisikia, hazitaki. Mwambie umetoka kwangu. Mwambie umeona nini." Alifungua macho tena, yote mawili, akanielekezea kama anayemwonyesha mtu njia. "Tazama vizuri. Na usipambe. Wewe tangu mtoto ni mtu wa kupamba."

Nilitazama. Nilimtazama hadi nikajua rangi ile kama ninavyojua jina langu. Alikufa siku ya nne, asubuhi, Ndunge akiwa naye, na sisi kumi na wawili ndio tuliochimba kaburi. Baadhi ya watu walisema tulimuua kwa kumchukulia chakula. Wengine walisema tulichelewa, na hao walisema kweli, ila hawakujua ni nani aliyechelewa, na Mwalimu Kimanzi hakuwaambia kamwe, akaenda na siri hiyo kaburini.

Lakini kesho yake, Susu akiwa bado hai katika chumba kile cha kijani, tulikwenda kwa Mama Kasyoka. Alikuwa mjane wa makamo, na alitupokea uani na jembe kweli, amelishika kwa mikono miwili. Ndunge alifungua mdomo. Nikamshika mkono, nikapita mbele yake. Mara hii hakuna mtu niliyekuwa nyuma yake. Magoti yangu yalikuwa yanagongana, na Mama Kasyoka aliyaona, nami niliona kwamba ameyaona.

"Nimetoka kwa Susu Kalekye," nikasema. "Yuko dispensari."

"Nimesikia anaumwa macho."

"Haumwi macho. Yamekuwa manjano. Miguu imevimba, tumbo limevimba. Jana alimeza vijiko viwili vya chai. Mimi ndiye niliyemwambia mahindi yake ni mazuri, na hayakuwa mazuri."

Mama Kasyoka hakulishusha jembe.

"Manjano kiasi gani?" akauliza.

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na ndimu mbivu, na yai, na jua la machweo, na mengine kumi ambayo yangemfanya adondoke hapo alipo. Nikayaacha yote.

"Sehemu yote nyeupe," nikasema. "Hakuna palipobaki."

Mama Kasyoka akaegemeza jembe ukutani, akaingia ndani bila kutuambia kitu, na sisi tukiwa pale uani tukasikia gunia likiburutwa sakafuni kuja mlangoni.